Bi. Asenath na Mameneja Kumi na Mmoja Aliowalea

Bi. Asenath Nasambu anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya kukitumikia kiwanda cha Tulizo Magodoro kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku ishirini na tatu. Hesabu hiyo ni yake. Sisi tulikuwa tumeandika "zaidi ya miaka thelathini", akairudisha karatasi na kuomba isahihishwe.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja. Nimezidisha, na ninaomba radhi kwa waliotaka kula mapema. Mimi naitwa Muriuki. Ni Meneja Mkuu wa kiwanda hiki, na ni wa sita kati ya mameneja kumi na mmoja ambao Bi. Asenath amewalea. Yeye mwenyewe hajawa meneja hata siku moja. Nikiandika wasifu wake bila kueleza kwa nini, nitakuwa nimeandika tangazo la magodoro.

Aliingia langoni Jumatatu tarehe 4 Machi 1991, akiwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa ametoka Kimilili kumfuata mumewe, marehemu Patrobas, seremala aliyekuwa akitengeneza vitanda mtaani Shauri Moyo. Majirani zao wa mtaa wa Mowlem waliwatania kwamba wao hawawezi kukosa pa kulala, kwa kuwa mume analeta kitanda na mke analeta godoro. Ukweli ni kwamba kwa miaka miwili ya kwanza walilala kwenye mkeka, maana kila kitanda Patrobas alichomaliza kilipata mnunuzi kabla hakijafika nyumbani.

Alianzia sehemu ya kushona foronya za magodoro. Mwaka wa saba akafanywa msimamizi wa sehemu hiyo. Wakubwa wa wakati huo wakaanza kuona jambo: msimamizi yeyote mpya akipelekwa kwake wiki mbili, anarudi akiwa mtu mwingine. Hakurudi mpole wala mkali, bali alirudi akisikiliza. Mwaka 2003 akapewa cheo cha Ofisa wa Mafunzo na meza katika ujia, karibu na chumba cha huduma ya kwanza. Meza hiyo haikuwa na mlango wa kufunga, na mpaka juzi haikuwa nao.

Kazi yake iliyoandikwa ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi wapya namna ya kushika mkasi, kuwasha mashine, na pa kukimbilia moto ukizuka. Kazi ambayo haikuandikwa popote ilikuwa kuwalea wakubwa. Meneja mpya alipoajiriwa, kabla hajaonyeshwa ofisi yake, alipelekwa kwa Bi. Asenath ashone ukingo wa godoro moja. Mmoja wao, ambaye leo ni mkurugenzi mahali pengine, alishona mkono wa shati lake pamoja na godoro, ikabidi shati likatwe kwa mkasi mbele ya wanawake ishirini na wanne. Bi. Asenath hakucheka. Alimuuliza tu, "Sasa umejua nini kuhusu ile kasi uliyokuja kutudai?"

Wafanyakazi walimpa jina la Mama Swali. Kila Jumanne saa nne asubuhi, meneja aliyekuwa chini ya uangalizi wake aliiacha simu juu ya ile meza ya ujiani, wakatembea pamoja kutoka stoo ya kemikali hadi yanapopakiwa malori. Hakutoa ushauri. Aliuliza. Nani amekwambia hivyo? Umemuuliza aliye karibu na mashine? Ukikosea hapa, nani ataumia? Mtu angeweza kumaliza miezi sita naye bila kuambiwa hata neno moja la kufanya, na bado akatoka akijua la kufanya.

Mimi nilikuja mwaka 2009, nikiwa na miaka ishirini na sita na shahada ya uhandisi ambayo bado ilikuwa inanukia wino. Jumanne yangu ya kwanza nilimweleza, kutoka stoo hadi kwenye malori, namna ambavyo ningekipanga upya kiwanda kizima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Injinia," akasema, "tumepita watu kama thelathini. Umemsalimia nani kwa jina?"

Sikuwa nimemsalimia yeyote.

"Basi Jumanne ijayo tutapita hapa tena."

Nilimchukia miezi mitatu. Kisha ikatokea kwamba laini ya gundi, yaani safu ya wanaobandika, ilikuwa ikizorota kila siku baada ya chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nimechora grafu nzuri sana kuonyesha kwamba tatizo ni uvivu wa shibe. Niliposimama mbele yake na grafu yangu aliuliza swali lake la kawaida, nami, kwa hasira tu, nikaenda kumuuliza mama aliyepaka gundi. Mama huyo alinionyesha dirisha kwa kidole. Kuanzia saa saba jua liliingia moja kwa moja kwenye sinia la gundi, ikakauka kabla haijashika. Alikuwa amewaambia watu watatu kabla yangu. Tukatundika pazia la gunia, na wiki hiyo laini haikuzorota tena. Mwaka 2012 nilipofanywa Meneja wa Uzalishaji, nilihutubia dakika kumi na moja kuhusu takwimu na nidhamu. Bi. Asenath sikumtaja. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, akapiga makofi.

Sasa nifike Januari 2014, ambayo wengi wenu mnaijua kwa uvumi.

Povu la godoro likitoka kwenye mashine huwa bado linachemka kwa ndani. Bloku moja ya povu hilo ina ukubwa wa kabati la nguo, na ni lazima ikae peke yake, mbali na zingine, siku nzima mpaka ipoe. Januari hiyo shule za bweni zilikuwa zinafunguliwa, oda zilikuwa nyingi kuliko nafasi, na banda la kupozea lilikuwa dogo. Nikaamua bloku zipangwe karibu karibu ili nyingine ziingie.

Opicho alikuwa mkataji wetu, mwenyeji wa Shauri Moyo, mtu wa miaka kumi na miwili kazini. Alinifuata nikiwa njiani kwenda kwenye malori.

"Bosi, hizi bloku ziko karibu sana. Na hiyo ya ukutani nimeigusa, iko moto kuliko za jana."

"Opicho, malori yanangoja."

"Najua yanangoja. Lakini iko moto, bosi."

"Panga," nikamwambia.

Saa tisa alasiri bloku ya ukutani ilianza kutoa moshi. Juu ya banda lile ndipo walipokuwa washonaji, watu zaidi ya mia moja, na ngazi yao ilikuwa moja. Opicho na wenzake wawili waliisukuma bloku ile nje kwa mikono. Ilipofika uani ilipasuka katikati, hewa ikaingia, ikawaka mara moja. Wenzake walikuwa nyuma. Opicho alikuwa mbele, akiivuta.

Alilazwa siku tisa. Vidole vya mkono wa kulia havikunyooka tena, na kifua chake mpaka leo hakipendi baridi.

Ofisi kuu ikataka ripoti ndani ya wiki mbili. Niliiandika kwa usiku mmoja na ilikuwa na sentensi safi: "Mkataji alipanga bloku kinyume cha utaratibu." Hakuna uongo ndani yake. Opicho ndiye aliyezipanga. Ilihitaji tu sahihi ya Ofisa wa Mafunzo kuthibitisha kwamba mkataji huyo alikuwa amefundishwa utaratibu. Asubuhi nikaipeleka kwenye meza ya ujiani.

"Ni kuthibitisha tu kwamba ulimfundisha, Madam."

"Nilimfundisha."

"Basi sahihi yako ni hapa chini."

Aliisoma mara mbili, kidole chake kikifuata mistari.

"Nani alimwambia azipange?"

Nikamwonyesha tena mahali pa sahihi.

"Injinia, nimekuuliza."

"Si unajua."

"Mimi najua. Karatasi ndiyo haijui."

Akaifunika kalamu yake. "Siweki sahihi. Na wewe usiipeleke popote kabla hujafika kwa Opicho. Jumamosi nitakusindikiza."

Jumamosi hiyo tulipita Shauri Moyo katikati ya kelele za wafua mabati, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimebeba unga na sukari kama mtu anayekwenda kuposa. Mlango ulifunguliwa na mke wa Opicho, Nafula. Alimkumbatia Bi. Asenath, akamkalisha kwenye kiti. Kisha akaniangalia. "Na wewe karibu," akasema, na hakukuwa na kiti cha pili. Opicho alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imefungwa bendeji, ameiweka juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine.

Nilingoja Bi. Asenath aanze mazungumzo. Hakuanza. Nikakohoa, nikasema kampuni inasikitika sana.

"Kampuni haikuniambia nipange," Opicho akasema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulinisikia nikikwambia iko moto?"

"Nilikusikia."

"Basi sema hivyo."

"Nimesema, Opicho."

"Si kwangu. Mimi nilikuwa hapo."

Nafula alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwetu. Bila kugeuka akauliza, "Hii mikono sasa itashika nini?" Nilimtazama Bi. Asenath aniokoe, maana ndiye aliyekuwa na maneno kuliko sisi sote. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikaa na swali lile mpaka tukaaga.

Katika miaka kumi na sita niliyofundishwa kuongoza, hilo ndilo darasa pekee ninaloweza kulikumbuka lote. Siku hiyo niliichana ripoti. Niliandika nyingine, nikaeleza kwamba mkataji alionya na mimi nikamwamuru. Bi. Asenath akaweka sahihi yake. Kisha akaambatisha ukurasa wake mwenyewe, wenye tarehe za barua nne alizoiandikia ofisi kuu katika miaka mitatu akiomba banda la kupozea lipanuliwe. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Kwa sababu ya karatasi hizo mbili Opicho hakuwekewa lawama, na alipata haki yake kwa mujibu wa sheria. Kwa sababu ya hizo hizo, banda jipya lilijengwa ndani ya miezi mitano. Leo Opicho anauza chai karibu na soko la Gikomba, anashika birika kwa mkono wa kushoto, na tukikutana tunasalimiana. Hatujawahi kuzidisha salamu.

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake Mwenyekiti wa bodi alinishika mkono mbele ya wenzangu, akasema, "Huo ndio uongozi." Nilichelewa kuelewa. Kukiri kwangu kulikuwa na mpaka: kulihusu neno moja lililotamkwa na kijana mmoja. Karatasi ya Bi. Asenath ilihusu barua nne zilizolala kwenye meza za watu wakubwa. Mimi niliitwa jasiri. Kuhusu yeye, niliyasikia kwa masikio yangu wiki hiyo hiyo: "Yule mama si mtu wa timu."

Mwaka 2017 ikatangazwa nafasi ya Meneja wa Wafanyakazi na Mafunzo. Bi. Asenath akaomba. Wakati huo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne bila jina lake. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mimi niliwekwa kwa sababu, waliniambia, ninamfahamu vizuri. Alijibu maswali vizuri kuliko wote. Alipotoka, Mwenyekiti akafunga faili.

"Hana digrii. Muriuki, wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku mbili. Nilikuwa na mifano, nilikuwa na majina ya mameneja sita. Halafu nikaona namna alivyoshika lile faili, tayari kuliweka chini ya mengine, na nikakumbuka kwamba nafasi ya Meneja Mkuu ingekuwa wazi baada ya miaka mitatu.

"Sera ni sera, Mwenyekiti," nikasema.

Jumanne iliyofuata tulitembea kama kawaida. Hakuniuliza lolote kuhusu jopo. Tulipofika kwenye malori ndipo aliposema, "Injinia, digrii inachukua miaka mingapi kwa mtu wa masomo ya Jumamosi?"

"Minne, Madam."

Akaitikia kwa kichwa, tukarudi.

Katikati ya miaka hiyo minne kuna jambo jingine ambalo ni langu kulieleza, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua isipokuwa yeye na mimi. Mwaka 2019 ofisi kuu iliajiri mkufunzi wa viongozi kutoka mjini, mtu hodari na mwenye sauti nzuri, aje awanoe mameneja wote wa kampuni. Alinihoji kwanza. Alitaka kujua nini kimenisaidia kukua kazini. Nikamfungulia daftari langu ambamo nilikuwa nimeandika maswali ya Bi. Asenath, Jumanne baada ya Jumanne. Akaomba kulichukua, nikampa. Sikumwambia ni maswali ya nani. Hakuuliza, nami nilifurahi kwamba hakuuliza.

Wiki tatu baadaye tulikuwa katika hoteli moja Naivasha, siku tatu nzima. Mkufunzi akawasha mashine yake, na ukutani yakatokea maandishi makubwa: Je, umemuuliza aliye karibu na mashine? Mameneja wakapiga makofi. Wengine wakapiga picha. Kila mmoja wetu alipewa kitabu kidogo chenye maswali hayo na jina la mkufunzi juu ya jalada. Bi. Asenath hakualikwa kwa kuwa mafunzo yalikuwa ya mameneja. Lakini vitabu vile vilipitia kiwandani kwetu kwanza, na yeye ndiye aliyeombwa avipange katika mafaili, kimoja kwa kila mgeni.

Nilipita kwenye meza yake Jumatatu.

"Mafunzo yalikuwaje?"

"Mazuri, Madam."

"Yalikuwa mapya?"

Nilitazama sakafu. Akaendelea na kazi yake. Katika miaka yote niliyomjua, hilo ndilo swali pekee aliloniacha nisilijibu.

Alihitimu mwaka 2021 akiwa na miaka hamsini na sita. Picha yake akiwa amevaa joho, mabinti zake wawili wakimshikilia kofia isipeperuke, ilibandikwa kantini ikakaa pale mwaka mzima. Mwaka 2022 nafasi ile ile ikatangazwa tena, na akaomba tena. Sasa nilikuwa Meneja Mkuu, mwaka wangu wa pili. Digrii ilikuwepo. Safari hii Mwenyekiti alisema, "Amebakisha miaka mitatu tu astaafu. Tutawekeza kwa mtu wa miaka mitatu?" Mara ya kwanza nilisema maneno manne. Mara ya pili sikusema hata moja.

Aliyechukuliwa ni Bi. Eve, ambaye alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ambaye ameniruhusu kuandika haya. Siku yake ya kwanza alielekezwa kwa Bi. Asenath ili aonyeshwe kazi. Alionyeshwa yote, miezi minane, bila kufichwa kitu. Alishona godoro lake, alitembea Jumanne zake. Eve aliniambia juzi kwamba alijua siku ya tatu kuwa amekalia kiti cha mwalimu wake, akataka kwenda kusema, Bi. Asenath akamzuia. "Si wewe uliyenikatalia. Kaa ufanye kazi." Huyo ndiye meneja wa kumi na moja.

Mimi nilikuwa nimemuuliza Bi. Asenath kabla ya hapo, kwa aibu, kwa nini amekubali kumfundisha.

"Ulitaka nimfundishe nusu?" akanijibu. "Halafu ile nusu nyingine, nani angeumia? Wewe? Wewe uko juu. Ni watu wa huku chini."

Wanaotaka mafanikio yake kwa kifupi, haya hapa. Amefundisha wafanyakazi elfu moja na mia mbili, na tangu banda jipya lijengwe hatujapata majeruhi wa moto. Wasimamizi kumi na tisa wa sasa wamepitia mikononi mwake, kumi na wanne kati yao wanawake, katika kiwanda ambacho alipoingia kilikuwa na msimamizi mmoja tu mwanamke. Amelea mameneja kumi na mmoja, na sita kati yetu leo tunaongoza viwanda au kampuni. Nimewapigia simu wote. Kila mmoja alinisimulia kisa chake kwa kicheko, na kila mmoja, nilipouliza kama aliwahi kulitaja jina lake mbele ya wakubwa, alikumbuka kwamba ana mkutano.

Jumatano tarehe 28 Mei nilimwita ofisini kwangu. Bodi ilikuwa imekubali, baada ya mimi kuisukuma kwa kuchelewa sana, kwamba chumba cha mafunzo kiitwe kwa jina lake. Nilimwagizia chai, nikamweleza. Alicheka kweli kweli, mpaka akaweka kikombe chini.

"Chumba, Injinia? Mimi niliomba kazi."

"Ninajua, Madam."

"Unajua." Akajifuta macho kwa leso. "Haya, asante. Waandike herufi kubwa, macho yangu si mazuri."

Nikamwambia nimemkosea. Nikayataja yote: jopo la kwanza, jopo la pili, daftari. Nilikuwa nimeyabeba miaka minane, na nilipoyamwaga nilitarajia kitu, machozi au matusi, lolote ambalo lingenipa ahueni. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya kwanza, mpaka nikamaliza.

"Na sasa hivi," akauliza, "ni nani unayemfanyia hivyo?"

Nilitaka kusema hakuna. Lakini nilikuwa nimefundishwa na yeye, na jina lilikuwa limeshakuja.

"Nthoki."

Nthoki alikuwa msimamizi wa wakataji kwa miaka tisa. Nafasi ya naibu wa uzalishaji ilikuwa wazi miezi kumi na minne, na kazi ya naibu alikuwa akiifanya yeye. Alikuwa ameniuliza mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia avumilie, ofisi kuu inatafakari. Ofisi kuu ilitaka mtu kutoka nje, na mimi sikutaka kubishana.

"Nitazungumza naye Jumatatu," nikasema.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na Nthoki yuko wapi?"

"Yuko chini, kwa wakataji."

Bi. Asenath akachukua kikombe chake, akanywa chai. Nikasimama, nikavaa koti, nikashuka ngazi. Njiani nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Niliwasalimia watu kwa majina yao. Nilimkuta Nthoki akipima kisu cha mashine, nikamvuta pembeni, nikamwambia kwamba nimeamua, nafasi ni yake, nitaipigania kwa ofisi kuu mpaka mwisho, na kwamba ninasikitika kwa kumchelewesha.

Alinisikiliza kwa adabu.

"Asante, bosi. Lakini barua yangu iko kwa meza yako tangu asubuhi. Hujaisoma?"

"Barua gani?"

"Ya kuacha kazi. Nimepata kwingine, Athi River. Naanza mwezi wa saba. Kama meneja."

Mashine ilikuwa inanguruma, nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza nani amemshauri aondoke.

"Hakuna mtu amenishauri," Nthoki akasema. "Mama Swali aliniuliza tu nangoja nini."

Nilirudi juu. Bi. Asenath alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye kazi yake. Barua ilikuwa pale pale, ya tatu kutoka juu, imeandikwa vizuri. Nilikasirika naye kwa saa nzima hivi, niliona amenivizia. Kisha nikaona kwamba alikuwa amemfanyia Nthoki jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu kumi na mmoja aliyemfanyia yeye.

Ofisi kuu iliomba kuusoma ukurasa huu kabla haujachapishwa. Niliwatumia na kuwaeleza kwamba ukipunguzwa, hautatoka kwa jina langu. Kama unaousoma ni huu, basi haukupunguzwa.

Bi. Asenath harudi Kimilili, kama wengi wanavyodhani. Anabaki Mowlem, ambako wanawake wa kanisa lake wamemchagua mwenyekiti wa kikundi chao. Hawakuunda jopo. Walisimama tu, wakataja jina lake, wakaketi.

Bi. Asenath, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tulizo Magodoro, asante kwa kila mtu uliyemfundisha akarudi nyumbani kwake jioni akiwa mzima. Kwa niaba ya mameneja kumi na mmoja, pokea shukrani ambazo zilipaswa kutolewa ulipokuwa ungali unazihitaji. Na kwa niaba yangu peke yangu, mbele ya hadhara hii, nisamehe ukiweza; usipoweza, nitaelewa. Mungu akujalie afya na miaka mingi yenye utulivu, na akuzungushie watu watakaokupa kilicho chako bila kungoja ukiombe.